Salfa Juu ya Ua la Mama

Salfa inanuka kama kiberiti kilichozimwa ndani ya yai bovu. Aliyekulia Newala hahitaji kuelezwa. Mikorosho inapoanza kuchanua, wakati wa baridi ya asubuhi na umande mzito, mashine za kupulizia dawa hiyo huanza kunguruma alfajiri kutoka shamba hadi shamba, na wingu la unga wa njano hupanda kwenye matawi, kisha hushuka polepole juu ya nyasi, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya kuku na juu ya vichwa vya watoto wanaokwenda shule. Wakulima wengi wanaipenda harufu hiyo, maana kwao ni harufu ya korosho, na korosho ndiyo bati jipya, ndiyo sare za shule, ndiyo harusi. Mimi siipendi. Siku hizi naishi Masasi mjini, nafundisha shule ya msingi, na miezi hiyo ikifika, upepo ukivuma kutoka mashambani, nafunga madirisha yangu yote hata kama ndani tunachemka. Walimu wenzangu wanadhani nina pumu. Sina pumu, nina hasira, na hasira yenyewe imewazidi umri wanafunzi wangu.

Nyumba yetu ilikuwa Kitangari, nje kidogo ya barabara iendayo Newala, nyumba ya matofali ya udongo iliyozungukwa na mikorosho pande zote. Kitangari ya utoto wangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Udongo wetu ni mchanga mwekundu unaomeza mvua yote ya masika bila kushukuru, halafu haukupi hata tone la kulowesha ulimi. Maji yako chini bondeni, watu wako juu, na katikati kuna mteremko unaoupanda na ndoo kichwani mpaka magoti yanatetemeka. Bomba lilikuwepo, nisiseme uongo, lakini mara nyingi lilikohoa hewa tu. Kwa hiyo maji kwetu hayakutumika mara moja. Maji ya kuoshea mchele yalisuuza vyombo, ya vyombo yalinyunyiziwa uani kutuliza vumbi, na mtoto aliyemwaga kikombe alichapwa kama aliyevunja sahani ya mgeni. Ndani ya nyumba ya namna hiyo, sebuleni, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, mama yangu alifuga ua lisilozaa tunda, lisilotoa mboga wala dawa, na ambalo hata kuchanua halikuwahi kuchanua. Lilikuwa majani matupu, na kwa majani hayo Mama alikuwa tayari kugombana na dunia.

Mama jina lake Somoe. Alizaliwa Lupaso, upande wa Masasi, akalelewa na mama yake mdogo, ambaye ingawa sisi ni Waislamu alikuwa akipika na kufagia nyumbani kwa padri wa misheni. Kwenye baraza ya nyumba ile, palipokuwa na kivuli, ulipanda juu ya nguzo mmea wenye majani mapana kama sahani, yenye umbo la moyo, kijani kilichokolea kikiwa kimerushiwa weupe wa maziwa. Jani moja lilikuwa na vidoa, jingine lilikuwa jeupe nusu nzima. Hakuna aliyejua nani aliuleta wala ulitoka nchi gani, na hakuna aliyewahi kuuona mwingine, si Masasi wala Newala. Mama alipoolewa na kuhamia Kitangari, mama yake mdogo alikata kipande cha shina chenye urefu wa kidole, akakifunga kwenye kitambaa kibichi, akakitia ndani ya kopo la maziwa na kumwambia kwamba mtu haolewi mikono mitupu. Baadaye mama mdogo alifariki, baraza ile ikabomolewa, na mmea ukatupwa pamoja na kifusi. Lililobaki ni la kwetu peke yake. Mama aliliita Kanga, kwa vile vidoa vyake vilifanana na manyoya ya ndege huyo, na alimtaja kama mtu: Kanga amelala vibaya leo, Kanga ana kiu, Kanga ananuna.

Kumtunza Kanga kulikuwa na sheria zake, na zote nilizijua kabla sijajua kuzidisha. Udongo wake ulikuwa majani ya mikorosho yaliyooza vizuri, mchanga kidogo, na mkaa uliopondwa, ndani ya chungu kilichotoboka kitako ili maji yasituame. Chungu kilikaa kando ya mtungi kwa sababu mtungi hutoa jasho, na pale hewa ilikuwa na ubaridi hata wakati wa kiangazi. Katikati ya chungu Mama alisimika gongo alilolivisha gunia, akalilowesha kila asubuhi kwa kiganja, ili vile vijizizi vinavyotoka ubavuni mwa shina vipate pa kushika. Dirishani alitundika pazia jepesi. Jua likimpiga Kanga moja kwa moja weupe unaungua, na giza likizidi majani mapya yanatoka ya kijani kitupu. "Weupe ni mvivu," alikuwa akisema, "haujilishi wenyewe, unalishwa na kijani." Jani la kijani kitupu likijitokeza, alipitisha kisu motoni, akakata shina kurudi mpaka pale weupe ulipoonekana. Kabla ya kumwagilia alichomeka kidole kwenye udongo. Kidole kikitoka na udongo ulioshika, hakuna maji siku hiyo. Na kila Ijumaa kazi yangu mimi ilikuwa kuyapangusa majani, moja moja, kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya mchele, kwa sababu vumbi la Kitangari halina adabu, linaingia hata kwenye nyumba iliyofungwa.

Nilimchukia Kanga kwanza. Nilipanda na ndoo kutoka bondeni nikiwa na shingo inayouma, halafu naona kata nzima ya maji inaingia kwenye chungu cha majani. Nilinung'unika mpaka Mama akaniita mbele ya chungu siku jani jipya lilipokuwa linafunguka. Lilitoka limeviringwa kama mkeka uliokunjwa, likakaa hivyo siku kadhaa, halafu asubuhi ile likaanza kujiachia. Upande mmoja ulikuwa mweupe pe, upande mwingine wa kijani, mpaka wake umenyooka kabisa katikati. Mama alicheka. Si mtu wa kucheka ovyo mama yangu, maisha hayakumpa sababu nyingi. Alicheka huku ameweka kiganja mdomoni, akasema, "Tazama, Stumai, tazama alivyojipamba." Tangu siku hiyo sikunung'unika tena, na nilipanda na ndoo yangu nikijua sehemu ya maji yale inakwenda kuwa jani.

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe. Ulikuwa mwaka wa ubwiriunga. Kwa asiyejua korosho, ubwiriunga ni ugonjwa unaoyavaa maua na majani machanga ya mkorosho kama mtu aliyerushiwa unga wa muhogo. Ukipangusa, unga unabaki kidoleni. Siku chache baadaye ua linageuka jeusi, linakauka, na pale palipotakiwa kuwa na korosho hapana kitu. Kila mwaka ugonjwa huo upo kidogo, ndiyo maana watu wanapuliza salfa, lakini mwaka ule umande ulizidi, salfa ilichelewa kufika, na ilipofika mashamba yalikuwa yamekwisha kuwa meupe. Nawakumbuka wanaume wakirudi kutoka shambani bila kusalimiana. Nawakumbuka wanawake wakishika matawi na kuyaachia. Watu waliopoteza mavuno wanataka kitu cha kukamata, na umande haukamatiki.

Jirani yetu Mama Zaituni alikuja asubuhi moja kuomba makaa ya moto. Alikuwa mtu wa kuja kila siku, ila kwa kawaida aliishia jikoni, uani. Siku ile Mama alikuwa sebuleni, naye akamfuata huko huko. Alisimama mbele ya Kanga na kigae chake mkononi, macho yamemtoka.

"Mama Stumai, huo si ubwiri?"

"Ndiyo rangi yake, jirani. Tangu Lupaso lilikuwa hivi hivi."

"Rangi! Na mikorosho yetu huko nje nayo ni rangi? Samaki mmoja akioza, mwenzangu, wote wameoza."

Akaondoka bila makaa. Jioni hiyo hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Mama Stumai anafuga ubwiriunga ndani, anaunywesha maji, anaulaza kivulini, na usiku unatoka kwenda kwenye mashamba ya watu. Walisema alipewa Lupaso kwa makusudi. Walisema mengine ambayo sitayaandika. Nilisimangwa kisimani na wasichana niliocheza nao rede juzi yake. Wenye akili zao walikuwepo, waliokuwa wakijua kwamba ubwiriunga ulikuwepo Newala kabla Mama hajahamia Kitangari, lakini hao walinyamaza. Wengi wape, husema watu, na siku ile niliujua ubaya wa msemo huo.

Kwa mila zetu neno la mwisho katika nyumba si la baba. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu ya mama na watoto wake ni kaka yake. Kaka yake mkubwa Mama alikuwa Mjomba Ausi, aliyekaa upande wa Masasi na kuja Kitangari kila msimu na mashine yake ya kupulizia, akipulizia mashamba ya ndugu na ya majirani. Alikuwa mtu wa kuheshimika, mrefu, mwenye sauti nene, aliyeitwa fundi hata na waliomzidi umri. Watu hawakumjia Mama wala Baba. Walimwendea yeye, pale walipokuwa wakikaa wanaume kucheza bao, nasi tukasikia baadaye alivyowajibu. Aliwaambia, "Hilo niachieni mimi." Alitoa ahadi mbele ya watu kabla hajaja kulitazama ua lenyewe.

Alikuja alasiri. Mama alimwamkia, akamwekea kiti, akampa maji ya kunywa kwenye kikombe kizuri. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, nikaona kila kitu. Mjomba alimtazama Kanga kwa muda, akatikisa kichwa. Mama akamsogelea, akashika jani moja kwa chini, jani lile la nusu kwa nusu, akalielekeza kwake.

"Kaka, pangusa kwa kidole. Ubwiri ukiupangusa unabaki kidoleni. Huu weupe hautoki. Ndiyo rangi yake."

Mjomba alipangusa. Alipangusa mara ya pili kwa nguvu. Akakiinua kidole chake, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, na mimi pale nilipokuwa nimekaa nilikiona: kidole kilikuwa safi. Halafu akakifuta kwenye suruali, kana kwamba kilikuwa na kitu.

"Magonjwa mengine yako ndani, Somoe," akasema. "Haya, nimeona." Akamaliza maji yake, akaondoka.

Kesho yake Mama alishuka bondeni mapema. Mimi nilikuwa nafagia uwanja, na Baba alikuwa amekaa barazani anaingiza mpini kwenye jembe. Mjomba akatokea na mashine mgongoni, bomba lake limening'inia kiunoni. Nilipiga magoti, "Shikamoo, Mjomba," akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko wapi?" Nikamwambia amekwenda maji. Akasema, "Vizuri." Neno hilo moja nimekaa nalo miaka yote hii. Angekuwa hajui kwamba anakosea, asingesema vizuri.

Akaingia ndani na mashine yake. Mashine ile imetengenezwa kwa ajili ya mti mkubwa, inarusha unga mpaka juu kabisa penye vilele, na yeye aliivuta kamba ikaunguruma sebuleni kwetu, kwenye chumba ambacho watu watatu wakikaa magoti yanagusana. Nyumba ilitetemeka. Pazia lilipasuka likaruka. Wingu la njano lilitoka mlangoni, madirishani, na kwenye nafasi za bati, na kifuniko cha mtungi kikaja kikibiringika mpaka miguuni pangu. Nilikohoa mpaka nikatapika. Alipotoka alikuwa amekibeba chungu cha Kanga mikononi, akakitua katikati ya uwanja, juani, na kuwaambia majirani waliokwisha kujaa uwanjani kwamba jua litamaliza yaliyobaki. Mkorosho unapenda jua, kwa hiyo kila mti unapenda jua; huo ndio ulikuwa ufundi wake. Nilimtazama Baba. Alikuwa amesimama, mpini mkononi. Kisha akakaa tena na kuniambia kwa sauti ndogo, "Hayo ni mambo ya ukoo wenu, mwanangu. Mimi hapa ni mkwe." Nilimpenda baba yangu mpaka alipofariki, lakini namna alivyokaa chini siku ile sijaimeza mpaka leo.

Wapo wanaonisikiliza nikisimulia haya na kuniuliza kama sijilaumu kwa kutopiga kelele. Sijilaumu hata kidogo. Nilikuwa mtoto na ufagio mkononi, na nilikuwa nimetoka kupiga magoti mbele ya mtu yule kama nilivyofundishwa. Wakubwa walijaa uwanja mzima. Waulizwe wao.

Mama alipanda kutoka bondeni akiwa na ndoo kichwani. Aliona watu kabla hajaliona ua. Halafu akaona vumbi la njano kwenye mlango wake, akaona chungu juani, na hakukimbia, maana mwenye ndoo kichwani hakimbii. Alitembea vilevile mpaka kwenye chungu, akajitua ndoo mwenyewe, akakikokota chungu hadi kivulini pa ukuta. Akachukua kata. Akaanza kumwosha Kanga jani moja moja, juu na chini, akichota na kumimina, akichota na kumimina, mpaka maji yaliyotoka bondeni kwa mwendo wa asubuhi nzima yakawa tope la njano miguuni pake. Wanawake waliguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Yalaa, maji ya kunywa anaoshea majani!" Mama hakugeuka. Alisema, "Nimeyabeba mimi," akaendelea. Ndoo ilipokwisha aliingia ndani kuchota kwenye mtungi, na hapo ndipo alipoona salfa imeelea juu ya maji yetu ya siku mbili. Alitoka akakaa kizingitini. Hakulia mbele yao, na nawachukia zaidi kwa sababu walikuwa wakisubiri alie.

Weupe ndio uliotangulia kufa. Kesho yake ulikuwa na kingo za kahawia, keshokutwa ukawa kama karatasi iliyopitiwa na moto, na jani lile la nusu kwa nusu liliungua nusu moja tu, ile nyeupe, kijani kikabaki. Unajua watu walisema nini? Walisema, mmeona? Palipokuwa na ugonjwa ndipo palipokauka. Mjomba Ausi alisifiwa pale kwenye bao kwa kuuona ugonjwa uliojificha ndani. Mikorosho nayo haikupona hata mmoja. Ubwiriunga uliendelea, maua yakakauka, mwaka ule watu wa Kitangari walikula mihogo na mbaazi mpaka wakachoka, na hakuna aliyerudi kwetu kusema, Mama Stumai, kumbe halikuwa ua lako. Mama Zaituni alianza tena kuja kuomba makaa. Alisimama uani kama zamani, akaongea habari za mvua.

Mama alisaga meno, akafanya kazi. Alikata shina vipande vipande, akavilaza kwenye mkaa uliopondwa na kuloweshwa, akavifunika kwa bakuli. Vilioza vyote isipokuwa kimoja, cha chini kabisa, na kile kikachipua. Tulikipangusa, tukakisubiri. Jani la kwanza likatoka kijani kitupu, la pili kijani, la tatu kijani. Mama alikata kurudi nyuma, kama alivyofanya siku zote, lakini nyuma hapakuwa na weupe wa kurudia. Kanga aliishi, akakua mkubwa, mwenye afya kabisa, wala hakuwahi tena kutoa hata kidoa. Mama aliendelea kumtunza vilevile, kidole kwenye udongo, gunia lililoloweshwa, kitambaa kila Ijumaa. Na kila niliposema neno baya juu ya Mjomba, alinikatiza. "Kaka yangu hakuelewa," alikuwa akisema. "Angeelewa asingefanya. Mtu hahukumiwi kwa asichokijua." Kwa neno hilo alimpikia kila alipokuja, akamwamkia, akamuuguza alipovunjika mguu. Mimi nilikuwa nimekiona kile kidole kwenye mwanga wa dirisha, lakini mtoto hasemi mbele ya neno la mama, nikakua nalo kooni.

Mengi yamebadilika. Kitangari sasa ina mabomba yanayotoa maji zaidi ya hewa, na Mama ana simtanki linalokinga mvua ya bati. Na majani ya namna ya Kanga yamekuwa fahari ya watu wenye nafasi. Yamejaa kwenye simu, watu wanapiga picha nayo, wanayaagiza kutoka Dar yakiwa yamefungwa kama dawa ya hospitali. Kile ambacho mama yangu alitengwa kwa ajili yake, leo ukiwa nacho unaitwa mstaarabu. Binti wa Mjomba Ausi, Rehema, anacho. Amejenga hapa hapa Masasi, na mzee anakaa kwake, nywele zote mvi, anatembea kwa fimbo, macho bado mazima.

Juzi juzi nilikwenda kwa Rehema kumpa hongera ya mtoto. Nilimwamkia Mjomba, nikakaa. Pembeni mwa sebule, ndani ya chungu cheupe kinachong'aa, chini ya taa yake peke yake, niliona majani yenye umbo la moyo, kijani kilichorushiwa maziwa. Kulikuwa na wageni wengine, na mama mmoja kati yao akauliza kwa upole mbona ua hilo kama linaumwa, kama lina ubwiri. Mjomba Ausi alicheka, akainua fimbo yake kulielekeza.

"Haliumwi hilo," akasema. "Pangusa kwa kidole uone. Huo weupe hautoki. Ndiyo rangi yake."

Hakubadilisha hata neno. Yalikuwa maneno ya mama yangu, kwa mpangilio wake, yametoka kwenye kinywa kile. Nikaweka kikombe changu cha chai chini.

"Mjomba," nikamwuliza, "hayo uliambiwa na nani?"

Alinitazama. Niliona kumbukumbu yake ilipofika, maana macho yake yalishuka mpaka kwenye kidole chake mwenyewe. "Aa, Stumai," akasema. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu."

Nikainuka nikatoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa yeyote maishani mwangu. Wanasema mtenda husahau, mtendwa hasahau, lakini huyu hakuwa amesahau kitu. Alikuwa ameyaweka maneno yale vizuri, akayatoa siku yalipomfaa. Rehema, ambaye hajui chochote katika haya na sina ugomvi naye, alinikimbilia getini akidhani ua lake limenitia tamaa. Alinikatia kipande cha shina chenye jani moja, akakifunga kwenye kitambaa kibichi, akanisihi nisinune.

Jumamosi nilikwenda Kitangari. Mama alikuwa sebuleni, kwenye kigoda, anampangusa Kanga wake wa kijani kando ya mtungi ambao amekataa kuuondoa. Amezeeka, mikono inatetemeka, lakini bado anashika jani kwa chini namna ile ile. Nilimpa kifurushi. Alipokifungua na kuuona weupe, alipitisha kidole juu ya jani taratibu. Nilidhani atacheka kama zamani. Nikamweleza lilikotoka, na kwa kuwa nilikuwa bado nawaka, nikamweleza na alichosema kaka yake mbele ya wageni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Pangusa kwa kidole. Huo weupe hautoki. Ndiyo rangi yake.

"Alisema hautoki?"

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe alielewa." Alilisema polepole, kama mtu anayehesabu chakula chote alichompikia mtu, na maji yote aliyomchotea. Akakiweka kipande kile kwenye kikombe cha maji, akakisogeza mbali na dirisha, akajifuta mikono. Nilimwona mama yangu akikasirika kwa mara ya kwanza kwa ajili yake mwenyewe, na alionekana mrefu kuliko nilivyomzoea.

"Kesho nipeleke Masasi," akasema.

"Kumwambia nini, Mama?"

"Mimi nilishamwambia. Nataka apanguse tena, mbele yangu, halafu aseme yeye alichokiona."

Nikaenda chumbani kumtolea kitenge chake cha safari.